Kidonda Kikauke Kwanza

Aliyezoea kupanda muhogo huliharibu taji la miiba mara ya kwanza anapolijaribu. Muhogo unakata kijiti, unakichomeka ardhini, unakwenda zako, mvua inamalizia kazi. Mimea hii ni ya ukoo mmoja, pamoja na mbarika na ule mnyaa unaozungushiwa viwanja. Lakini kijiti cha taji la miiba ukikichomeka kibichi kwenye udongo uliolowa, baada ya muda si mrefu utakichomoa kimeoza chini, kimelegea, kinanuka.

Kuna mama mmoja anayeotesha taji la miiba Nyamityobora, hapa Mbarara, kwenye uwanja mdogo mbele ya vyumba vya kupanga. Kwao ni Uvira, akapitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kule Isingiro. Kitalu chake kizima kimo ndani ya majerikani yaliyokatwa nusu, maana ardhi ni ya mwenye nyumba na kodi ikipanda atahama nacho. Kila jerikani limetobolewa kwa msumari uliochomwa motoni, matundu kibao, hadi ubavuni karibu na kitako. Nilidhani ni uharibifu wa chombo kizuri, mpaka nilipoona mvua ya Aprili inavyopita humo bila kukaa.

Mmea wenyewe asili yake ni kisiwa cha Madagaska, kwenye miamba na ardhi ya mawe ambako miezi ya ukame hufuatana. Wataalamu huuita Euphorbia milii, kwa heshima ya Milius, gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, aliyeupeleka Ufaransa mwaka 1821. Thailand wamezalisha aina zenye maua makubwa, na wako wanaohesabu maua ya kishada kimoja kutafuta bahati. Mbarara ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na udongo wake mwekundu hushika maji. Kazi yote ya mama huyu, ukiitazama vizuri, ni kuuzuilia mmea maji ambayo kila mpita njia anataka kuupa.

Hukata mvua zikishapungua, mwezi wa sita hivi. Tawi analolitaka limeshageuka rangi ya kahawia upande wa chini. Ncha changa ya kijani haigusi. Analishika kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kwa kuwa miiba haiachi mahali pa kuweka kidole, anapitisha kisu motoni, kisha anakata mara moja bila kukerezakereza. Utomvu mweupe unatoka papo hapo. Kipande kinaingia kwenye kopo la maji mpaka kiache kutoa, na shina lililobaki linapanguswa kwa kitambaa kibichi. Watoto hufukuzwa wakati huo. Utomvu ukiingia jichoni ni hatari, na yeye hagusi uso wake, wala kilemba chake, kabla ya kunawa kwa sabuni. Brazili watafiti wameupima utomvu huohuo kama dawa ya kuua konokono wanaoeneza kichocho. Ndivyo ulivyo mkali.

Halafu hafanyi kitu. Vijiti vinalazwa juu ya gazeti, kivulini, penye hewa, na vinakaa hapo wiki nzima au zaidi. Msichana wa jirani alimuuliza mbona havipandi, vitakufa. "Bado, mwanangu, kidonda haiyakauka." Akamwonyesha. Siku ya kwanza mkato ni mweupe na unanata. Siku zinavyokwenda unakuwa wa kijivu, unabonyea kidogo katikati, ukingo unajikunja kwa ndani, hadi ukigonga kwa ukucha unasikia ugumu. Hiyo ngozi ndiyo inayozuia uozo usipande. Anayesubiri siku mbili akaona inatosha atapata vijiti vichache vilivyopona, asijue kwa nini.

Ndiyo maana pia mmea huu husafiri vizuri. Miti mama yake kadhaa ilitoka Nakivale ikiwa vijiti vikavu ndani ya mfuko. Najua wapo watakaotaka kukilinganisha kijiti kama hicho na mkimbizi mwenyewe. Mimi sitaki, kijiti hakiulizwi karatasi.

Udongo anauchanganya mwenyewe: mchanga wa wajenzi kwa wingi, kokoto ndogo, udongo mwekundu kiasi, na samadi ya zamani, konzi moja tu. Samadi ni rahisi huku Ankole, na jirani aliyeimimina kwa ukarimu alipata majani mapana, shina laini, na maua ya kuhesabika. Kijiti kinazama kina cha vidole viwili, kinaegemezwa kwa mawe. Maji hayaji siku hiyo wala kesho yake. Yakija ni ya kunyunyiza, na udongo hukauka kabla ya mengine.

Jani jipya likichomoza, mgeni hufurahi. Mama hashangilii. Kijiti kina akiba yake na kinaweza kutoa majani bila mzizi hata mmoja, kisha kikaanguka. Yeye hukigusa shina kwa kidole, kwa wepesi kabisa, asikie kama kinashikilia. Wiki tano, sita, wakati mwingine nane. Majerikani ameyapanga mbele kidogo ya pale matone ya mabati yanapoangukia, upana wa unyayo hivi, ili maji ya paa yasiyaingie, na asiyejua huona amepanga ovyo. Kiangazi kikikaza majani hupukutika, nayo hayamtishi.

Maua yenyewe yanastahili kuinamiwa. Zile ngozi mbili nyekundu si petali, ni vijani vilivyotiwa rangi. Maua halisi yamo ndani ya kile kidoti cha katikati, madogo kuliko punje ya mtama. Kwa hiyo wekundu hukaa wiki nyingi bila kunyauka.

Kuuza kwake kuna mtihani. Atakuuliza nyumbani unamwagilia maua mara ngapi. Ukijibu kila siku asubuhi, tena kwa fahari, atakusifu, kisha atakuuzia krotoni, ambayo nayo ina asili ya visiwani, ila hiyo hupenda maji.