Masiya Tunayemfundisha

Sisi walimu wa dini tuna kosa moja. Tunamwuliza mwanafunzi: «Masiya ni nani?» Anajibu: «Ni Yezu Kristu.» Tunamsifu, tunaendelea mbele. Jibu ni la kweli, lakini hatujui moyoni anangoja Masiya wa namna gani.

Tusome Luka, sura ya 24. Wale wawili wa njia ya Emausi walijua habari zote, hata ile ya kaburi tupu. Walakini walihuzunika, kwani walitumaini mkombozi wa taifa lao, wakaona msalaba. Yezu hakuwapa jibu mara moja. Kwanza aliwauliza, akawasikiliza. Kisha akaanza na Musa na manabii wote, akaonyesha ya kuwa ilimpasa Masiya kuteswa.

Basi, nasi tufuate njia hiyo. Mwanafunzi aseme kwanza tumaini lake. Halafu asome polepole Isaya, sura ya 53, mpaka amwone Mtumishi anayechukua dhambi za wengine. Tukimfundisha Masiya wa ushindi tu, siku ya msiba ataondoka Yeruzalemu kama wale wawili. Je, nani atamfuata njiani?