Nyota Tano na Shingo ya Mpiganaji: Mshabiki wa Mieleka kama Mhakiki

Katika vyuo vikuu neno uhakiki limezoeleka kufungamanishwa na kitabu. Mhakiki husoma riwaya, tamthilia au utenzi, hupima fani na maudhui, kisha hutoa hukumu yake mbele ya wasomaji ambao elimu yao inakaribiana na yake. Hata hivyo, lipo kundi jingine la wahakiki ambao hawakuteuliwa na chuo chochote na ambao wengi wao hawalipwi hata senti moja kwa kazi yao. Hao ni washabiki wa mieleka ya kulipwa, mchezo ambao Wakongo huuita kachi, kwa neno lililozaliwa Uingereza likapitia Ufaransa kabla ya kufika Kinshasa na Lubumbashi. Mshabiki wa aina hiyo hatosheki kushangilia. Hutazama pambano, huandika hukumu juu yake, hulipa alama, kisha huhifadhi ukanda wake kabatini pamoja na mamia ya mengine. Inafaa kuuliza kama kazi hiyo ni uhakiki kweli, na kama ni uhakiki, unastahili sifa gani na lawama gani.

Pingamizi la kwanza hujulikana na kila mtu: mieleka hiyo ni ya uongo, kwa maana mshindi hupangwa kabla ya kengele kulia, basi kuna nini cha kuhakiki? Pingamizi hili halina nguvu. Roland Barthes alilijibu mapema, katika insha aliyoichapisha katika jarida la Esprit mwaka 1952 na kuiingiza katika kitabu chake Mythologies mwaka 1957. Alionyesha kwamba kachi si mashindano bali ni tamasha, na kwamba mtazamaji haendi kujua nani ana nguvu zaidi. Huenda kuona maumivu, ushinde na haki vikidhihirishwa kwa ishara zisizo na utata. Wenye mchezo wenyewe walikiri jambo hilo mwaka 1989, pale kampuni ya WWF ilipowaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey nchini Marekani kwamba maonyesho yake ni burudani, ili isisimamiwe na tume ya michezo ya jimbo. Mtu hasusi kutazama Hamlet kwa sababu anajua mwanamfalme atakufa. Vilevile, mwisho uliopangwa hauondoi swali la mhakiki, bali ndio unaolizaa: je, njia iliyotufikisha kwenye mwisho huo ilitengenezwa vizuri?

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 23 Machi 1997, karibu na Chicago, Bret Hart alipambana na Steve Austin. Hart aliingia akiwa mwema wa hadithi na Austin akiwa mwovu. Pambano lilipokwisha, Austin, uso ukiwa umetapakaa damu, alikuwa amezimia katika kabari ya miguu kuliko kukubali kusalimu amri; naye Hart aliendelea kumpiga mtu aliyekwisha shindwa. Hadhira iliyomzomea Austin mwanzoni ilimshangilia alipokuwa akitoka akichechemea. Wahusika wawili walibadilishana nafasi zao mbele ya maelfu ya watu, bila msimulizi kusema neno. Mwandishi wa tamthilia angehitaji matendo matatu kufanya hivyo. Mshabiki aliyeeleza jinsi badiliko hilo lilivyojengwa hatua kwa hatua, kwa uso, kwa muda na kwa ukimya, amefanya uhakiki wa fani sawasawa na yule anayeeleza ujenzi wa mhusika katika riwaya.

Aliyeutia uhakiki huu katika njia yake ya kudumu ni Dave Meltzer wa California, ambaye tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hutoa kijarida kiitwacho Wrestling Observer Newsletter. Humo zimo habari za biashara ya mieleka, hesabu za watazamaji, na hukumu juu ya mapambano, ambazo hutolewa kwa nyota. Kipimo hicho cha nyota hakukibuni yeye. Kilitoka kwa Jim Cornette na rafiki yake Norm Dooley, naye akakieneza. Nyota tano zilikuwa ndio kilele, na kwa miaka mingi washabiki walizitafuta kama wasomi wanavyotafuta vitabu vya wajibu.

Hapa ndipo ukusanyaji unapoingia, nao si tabia ya pembeni wala uchu wa kumiliki tu. Tazama mfululizo wa Mitsuharu Misawa na Toshiaki Kawada wa Japani. Wawili hao walisoma shule moja ya sekondari, Misawa akiwa mbele kwa mwaka mmoja. Katika kampuni ya All Japan walipigana bega kwa bega, kisha mwaka 1993 wakatengana na kuwa mahasimu. Tarehe 3 Juni 1994, katika ukumbi wa Nippon Budokan mjini Tokyo, Kawada alijaribu kumpokonya Misawa ubingwa, akashindwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Juni 1995, katika pambano la wawili kwa wawili, Kawada alimbana Misawa mabega chini kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ilimpasa angoje mpaka tarehe 1 Mei 1998 ndipo ampokonye ubingwa. Anayeona usiku wa 1995 pekee huona watu wanne hodari wakichoka. Anayezijua pia kanda za miaka iliyotangulia huona mdogo wa shule akimwangusha mkubwa wake baada ya kudharauliwa siku nyingi. Maana ya pambano haimo ndani yake tu; imo katika yale yaliyolitangulia. Kwa hiyo asiyehifadhi hawezi kuhakiki, na mkusanyaji na mhakiki ni mtu mmoja kwa lazima ya kazi yenyewe.

Kabla ya zama za intaneti kazi hiyo ilikuwa ngumu. Pambano la Tokyo lilirekodiwa na mtu kwenye televisheni ya nyumbani kwake, likatumwa Marekani kwa posta, likanakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena. Bahati yao ni kwamba Japani na Marekani zilitumia mfumo mmoja wa picha, NTSC. Mfaransa mwenye mashine ya SECAM hakuwa na bahati hiyo. Kila nakala ilipunguza ubora: rangi zilichuja, sauti ikakoroma, na nakala ya nne au ya tano ilikuwa kama watu wanaopigana ndani ya ukungu. Kwa hiyo wakusanyaji walitunga orodha zenye tarehe, mahali, muda wa pambano na daraja la nakala, wakabadilishana kwa masharti ya heshima. Mwanafunzi wa Kiswahili hatashindwa kuitambua hali hiyo. Ndiyo ya hati za tenzi zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu huko Lamu na Pate, ambapo kila mnakili aliacha alama yake, na mhariri hulazimika kuuliza ni nakala ipi iliyo karibu zaidi na chimbuko. Bila kujua, washabiki hao walifanya kazi ya uhariri wa hati.

Wapo wanaosema kwamba kazi hiyo imekwisha, kwa kuwa kampuni zimefungua maghala yao. Ni kweli kwamba WWE iliinunua WCW mwaka 2001 pamoja na kanda zake, ikapata za ECW mwaka 2003, na mwaka 2014 ikaanzisha huduma ya kutazama maelfu ya saa kwa ada ya dola 9.99 kwa mwezi. Lakini ghala lenye mwenyewe mmoja lina hatari yake. Mwaka 2021 maonyesho hayo yalipohamishiwa kwenye huduma ya Peacock nchini Marekani, baadhi ya sehemu ziliondolewa. Miongoni mwake ni pambano la mwaka 1990 ambamo Roddy Piper, mzungu, aliingia nusu ya mwili ikiwa imepakwa rangi nyeusi kupambana na Bad News Brown, mtu mweusi. Kitendo hicho kilikuwa cha aibu, na haishangazi kwamba mfanyabiashara hataki kukiuza. Hata hivyo, aibu iliyofutwa haiwezi kuchunguzwa. Atakayetaka kuandika historia ya ubaguzi katika tamasha hilo atalazimika kubisha hodi kwa mshabiki mwenye kanda kuukuu. Kwa jambo hili mkusanyaji anastahili shukrani ya wanataaluma.

Sifa hizo zisifunike lawama, na lawama kubwa inahusu nyota. Namba ni hukumu iliyokimbia maelezo. Mhakiki anaposema kwamba pambano lina nyota nne na robo, msomaji hajui kama robo hiyo imetoka katika hadithi, katika wepesi wa viungo au katika kelele za hadhira. Tena namba haina staha: haikubali kukaa chini ya dari. Tarehe 4 Januari 2017 Meltzer aliwapa Kazuchika Okada na Kenny Omega nyota sita kwa pambano lao la Tokyo Dome, na tarehe 9 Juni 2018 mjini Osaka akawapa watu hao hao nyota saba. Kipimo kinachorefuka kila kitu kinapokua hakipimi tena, kinashangilia tu. Hapo mhakiki amerudi kuwa mtazamaji aliyesimama juu ya kiti.

Tena jambo hili linahusu uhai wa watu, halikomei kwenye kanuni za uandishi. Katika fasihi mhusika huvunjika shingo na mwandishi akanywa chai. Katika mieleka ushindi umepangwa, lakini sakafu haikupangwa. Mtindo wa Budokan uliopewa nyota nyingi uliegemea juu ya kumtupa mwenzi kinyumenyume hata aangukie kisogo, na kila mwaka ilibidi mtupo uwe mkali kuliko wa mwaka uliopita, kwa kuwa hadhira ilikwisha zoea ule wa zamani. Tarehe 13 Juni 2009, mjini Hiroshima, Misawa mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 46, alitupwa kwa mtupo wa kawaida, hakuinuka, akafariki kwa jeraha la uti wa mgongo. Tarehe 9 Aprili 2017 Katsuyori Shibata alimgonga Okada kwa kichwa kitupu, kishindo kikasikika ukumbini. Baada ya pambano damu ilivuja ndani ya fuvu lake, akapasuliwa haraka ili aokolewe. Pambano hilo lilipewa nyota tano.

Si haki kusema kwamba mhakiki aliyeketi California alimuua mtu Hiroshima. Wapiganaji waliwachezea watu waliolipa kiingilio, wakawatii mabwana wa kampuni, wakafuata fahari yao wenyewe. Lakini si haki pia kusema kwamba sifa haina uzito. Wapiganaji huzisoma hukumu hizo, na kampuni huzitangaza zinapokuwa nzuri. Kipimo kinachohesabu kilichofanywa bila kuhesabu kilichogharimu humfundisha msanii kwamba mwili wake ni sarafu. Pambano la Hart na Austin halikukosa damu, na kwa hiyo nalo halina usafi kamili. Hata hivyo kiini chake kilikuwa uso uliokataa kusalimu amri, wala si kisogo kilichopondwa sakafuni. Mhakiki mwema angeonyesha tofauti hiyo waziwazi, angeuliza ni kwa uchache gani wa madhara hadithi ilisimuliwa, na angeuhesabu uchache huo kuwa sehemu ya usanii. Wapo washabiki ambao wamekwisha anza kuandika hivyo, na baadhi yao wamezirudia kanda zao za zamani na kukiri kwamba kile walichokishangilia ujanani sasa hukitazama kwa moyo mzito. Kukubali kuihakiki hukumu yako ya jana ndiyo alama ya mhakiki aliyekomaa.

Mjadala huu hauko mbali na Lubumbashi. Mwaka 1986 Johannes Fabian alifuatana na kundi la maigizo la Mufwankolo lilipokuwa likitunga igizo kutokana na methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima, na mwaka 1990 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Alichokionyesha ni kwamba igizo la Kiswahili cha Shaba halikuwa maandishi yaliyosubiri kusomwa. Lilizaliwa katika mazungumzo, mazoezi na kubuni papo hapo, na kila hatua ilikuwa na toleo lake. Bila kanda na daftari za mtafiti, sehemu kubwa ya matoleo hayo ingepotea pamoja na sauti za waigizaji. Fani za jukwaani za Kongo, pamoja na kachi ya Kinshasa ambayo wapiganaji wake huingia ulingoni na ngoma na dawa, zinahitaji watu wenye maradhi ya mshabiki: kuhifadhi kila kitu, kuandika tarehe, kulinganisha usiku huu na ule, na kuisikiliza hadhira kama sehemu ya matini.

Basi mwanafunzi anayejiandaa kuhakiki sanaa ya jukwaani na achukue kabati la mshabiki wa mieleka na kuziacha nyota zake. Kabati humkumbusha kwamba tamasha hupita na kwamba asiyelitunza hana la kusema juu yake. Nyota humsahaulisha kwamba yule anayeanguka pale ulingoni, hata kama anguko lake limepangwa, ana shingo moja tu.