Baba Anayecheka Yuko Wapi Katika Fasihi Yetu?

Mwombe kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne akutajie baba mmoja, katika vitabu vyote vya Kiswahili alivyosoma darasani, ambaye anaonekana akifurahi na watoto wake. Simaanishi baba wa kulipa ada. Namaanisha baba aliyekaa chini na mtoto wake wakacheka, basi. Kijana atakuna kichwa. Nimewauliza vijana kadhaa hapa Magole, kisha nikajiuliza mwenyewe mbele ya vitabu vyangu, na jibu ni lilelile. Akina baba wako tele. Furaha yao ndiyo haionekani.

Tuanze na wa darasani. Katika Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, mama ndiye anayehangaika kuuza chakula ili Peter na Zita waishi. Baba, Mzee Lomolomo, ni mlevi. Katika Takadini cha Ben J. Hanson, mama anatoroka usiku na mtoto mchanga aliyezaliwa na ualbino, kwa kuwa mila za kijiji zinataka auawe, na nyumbani kwa baba hakuna usalama. Panda ngazi kidogo, ufike kwa Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika (1971) inatupa Zakaria wa Namagondo, kule Ukerewe: naye mlevi, mkali kwa mkewe Regina, na kipigo anachompa Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana ni moja ya mizizi ya maafa yote yanayofuata. Vuka mpaka kwa Ken Walibora: Siku Njema (1996) ni safari ya kijana anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Riwaya nzima inaendeshwa na pengo la baba.

Sisemi waandishi hawa wamesema uongo. Akina Zakaria tunao, tena wengine tunakaa nao kijiweni. Riwaya isiyothubutu kuwataja ingekuwa kipofu. Lakini baba mlevi, baba katili na baba aliyetoroka wakijirudia kitabu baada ya kitabu bila mwenzao wa kuwakalia pembeni, mwisho msomaji haoni tena kwamba hao ni baadhi ya akina baba. Anaona kwamba baba ndivyo alivyo.

Utaniambia: mbona tunaye baba mwema, Shaaban Robert? Kweli, na ndiye ninayetaka kubishana naye hasa, kwa sababu nampenda. Ndani ya Maisha Yangu kuna tenzi mbili alizowatungia watoto wake: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Mtu huyu alikuwa mtumishi wa serikali, akahamishwa kutoka Pangani, mji wa bahari, hadi Mpwapwa, ng'ambo ya milima ambayo sisi wa Kilosa tunaiona kila asubuhi. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi ambalo hadi leo watu wanalisoma misibani. Mgane, mbali na kwao, anakaa chini kuwaandikia watoto wake. Kama huo si upendo, sijui upendo ni nini.

Sasa zisome tena tenzi hizo ukiwa na swali moja kichwani: mtoto anasema nini? Hasemi kitu. Baba anapanga mambo moja baada ya jingine, dini, heshima, kauli, kazi, na mtoto amekaa kimya kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Haulizi. Hasinzii. Hadaki neno na kuligeuza. Hatujui ana meno mangapi yaliyong'oka. Shaaban Robert hakubuni mtindo huu. Aliurithi. Mwana Kupona alikwisha kumwandikia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na humo pia binti kazi yake kubwa ni kuleta wino na karatasi na kusikiliza. Wosia ni maneno ya mtu anayejiandaa kuondoka. Ni lazima uwe na haraka, ni lazima uwe mzito, na hauna muda wa kusubiri mtoto ajibu.

Hata pale Shaaban Robert anapotupa baba mwenye wana wa kiume, katika Adili na Nduguze, mambo ni hayohayo. Baba anaitwa Faraja, jina zuri kuliko yote. Ana wana watatu, Hasidi, Mwivu na Adili. Lakini tunachokiona ni mali aliyoiacha na jinsi wana walivyotendana baada yake. Siku ambazo wale watatu walikuwa wadogo, wakigombania mto wa kulalia, hazimo. Ningetoa nusu ya yale majini ya hadithi nipate ukurasa mmoja wa Faraja akiwaogesha.

Kwa hiyo fasihi yetu imempa baba viti viwili. Kimoja ni kizimba cha mshtakiwa. Kingine ni mimbari. Mkekani, mlangoni jioni, hapo hajakaribishwa.

Ukitaka kujua jambo hili limezama kiasi gani, sikiliza methali. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu: baba hata hayumo kwenye orodha, ukitoka kwa mama unakwenda moja kwa moja duniani. Baba akigusiwa, anagusiwa kwa damu yake, kama katika mtoto wa nyoka ni nyoka. Anarithisha. Halei.

Hapa ndipo naona mahali nilipo pana la kusema. Magole iko Kilosa, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Wenyeji wa milima hii ni Wakaguru, na majirani zao ni Waluguru, Wasagara na Wavidunda. Wote hawa kwa asili hufuata ukoo wa mama. Mwaka 1971, mwaka uleule Zakaria alipoingia madukani, mtafiti Mmarekani T. O. Beidelman alichapisha kitabu kizima kuwaeleza Wakaguru kwa msingi huo wa ukoo wa mama. Kwa mila hiyo, mtoto ni wa kwao mama yake, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Siku hizi mambo yamechanganyika sana, wageni ni wengi kuliko zamani, dini na sheria zimeingia. Lakini wazee bado watakukumbusha.

Fikiria sasa baba wa aina hiyo. Ukoo hampi mtoto. Kama hana mashamba ya kurithisha wala neno la mwisho la kusema, amebakiwa na nini? Amebakiwa na kila siku. Kumpakia mtoto kwenye keria ya baiskeli. Kumchonga penseli. Kwake yeye furaha ndogondogo si mapambo ya ubaba. Ndiyo ubaba wenyewe. Basi fasihi isiyojua kuandika siku ya kawaida haiwezi kumwandika mtu huyu kabisa, na wapo wengi.

Mimi nina wavulana wawili, mmoja wa miaka saba, mwingine minne. Kuna jioni nilikuwa nawasimulia habari za sungura na fisi, nikaona nifunge kwa mafunzo, kama tulivyozoea. Nikasema: "Kwa hiyo wanangu, msiseme uongo." Mdogo akaniangalia. "Baba, mbona sungura amesema uongo na ameshinda?" Kabla sijapata jibu, mkubwa akamsaidia: "Sungura ni mdogo. Fisi akiwa mdogo na yeye ataruhusiwa." Mdogo akatulia, akafikiri, kisha akauliza fisi analala saa ngapi. Kaka yake akamjibu kwamba fisi halali, yuko zamu ya usiku.

Sisimulii haya ili msomaji aone wanangu wana akili. Watoto wote wako hivyo. Naonyesha kilichotokea kwenye umbo la maneno. Wosia wangu ulikuwa wa sentensi moja tu, na ulipokutana na mtoto anayejibu, ulivunjika, ukawa kitu kingine: mazungumzo, mzaha, na swali gumu la maadili ambalo mpaka leo sijalijibu sawasawa. Mtoto akipewa sauti, utenzi wa mawaidha hauwezi kubaki ulivyokuwa. Nadhani ndiyo maana hajapewa.

Wenzetu kwingine wamejaribu. Mwaka 1851, Mmarekani Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa riwaya nzito za dhambi na hatia, aliachwa nyumbani na mwanawe Julian wa miaka mitano kwa takriban wiki tatu, mkewe akiwa amesafiri na mabinti. Kila siku aliandika kilichotokea. Mtoto ameamka, mtoto amepigana na magugu kwa fimbo, mtoto anaongea bila kupumzika, na humo ndani pia kuna sungura, wa kufugwa. Mwandishi Herman Melville anapita kusalimia, na jambo kubwa la siku hiyo linakuwa Julian kupandishwa farasi wa mgeni. Kile kijitabu kilikuja kutolewa peke yake mwaka 2003, zaidi ya karne moja na nusu baadaye, na wasomaji wakakipokea. Kinafanya kazi kwa sababu baba halainishi mambo. Anachoka, anakerwa na maswali, anahesabu siku za mkewe kurudi, na sungura anakufa. Furaha imo katikati ya hayo, wala haikuombewa nafasi ya pekee.

Najua pingamizi linalokuja. Hadithi bila mgogoro si hadithi, na furaha haina mgogoro. Pingamizi hili tumelipata shuleni. Tumefundishwa kukipasua kitabu kwa fani na maudhui, tutoe dhamira, tutoe migogoro, tutoe ujumbe, tuhesabu pointi. Ukurasa ambao baba na wanawe wanatengeneza basi la dumu, lenye magurudumu ya ndala zilizokatika, hauna pointi ya kuandika kwenye mtihani. Kwa hiyo mwalimu anauruka, na mwandishi anayeota kitabu chake kiingie kwenye mtaala hauandiki.

Lakini nani kasema furaha haina mgogoro? Mwezi Januari 2014 mafuriko yaliikumba Magole na Dumila, barabara kuu ikakatika, nyumba nyingi zikabomoka, familia zikalala kwenye mahema. Mkulima wa huku akipanda nyanya hajui kama tenga litamlipa au litamfilisi. Baba anayerudi kutoka shambani na habari mbaya ya bei, akawakuta watoto wanamsubiri awe golikipa wa chandimu, ana mgogoro wa kutosha kabisa. Atacheza au hatacheza? Akicheza, atacheza kwa uso gani? Hapo kuna riwaya. Na tofauti na Zakaria, hatujui mapema itaishaje.

Abdulrazak Gurnah ametuonyesha upande wa kiza wa jambo hilihili. Katika Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, baba mwenye hoteli ndogo na madeni makubwa anamtoa mwanawe Yusuf, wa miaka kumi na miwili, kuwa rehani kwa tajiri. Kinachochoma ni kwamba baba huyu si jitu. Ni mtu aliyebanwa. Mwandishi anayeweza kutuonyesha baba aliyebanwa akamtoa mtoto anatukumbusha kwamba wapo pia waliobanwa vilevile wasimtoe, wakala naye ugali kwa chumvi, wakamtania hadi akalala. Hao nani atawaandika?

Nauliza kwa sababu kuna kinachopotea. Mvulana wa miaka kumi na sita anayesoma vitabu vyetu anajifunza kwamba akiwa baba atachagua kimoja kati ya viwili: kuwa tatizo, au kuwa hotuba. Kama kwao baba yupo na anacheka, anajifunza kwamba jambo hilo ni la nyumbani tu, halistahili kuandikwa. Kama kwao baba hayupo, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kitabu kilikuwa mahali pake pekee pa kumwona.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imewaamsha wengi kuandika. Miswada ipo mezani sasa hivi. Ombi langu kwa mwenye mswada ni dogo. Mtafute baba katika hadithi yako. Mwondoe mimbarani, mtoe kizimbani, mkalishe chini angalau kurasa mbili. Kisha mruhusu mtoto aseme, na usimwandikie mtoto jibu la mtu mzima. Usimalizie kwa mafunzo. Ukishindwa kujua mtoto angesema nini, nenda kakae na mmoja jioni moja, umwulize fisi analala saa ngapi.