Karai Lisubiri: Injini ya Canter Ilivyofunguliwa Uani

Mafundi wengi wa Canter wana haraka ya kuosha. Injini haijamaliza kuchuruzika oili, tayari karai limejaa dizeli, brashi iko mkononi, na dogo wa gereji anasugua pistoni mpaka ing'ae. Inapendeza macho. Lakini pistoni iliyosuguliwa haiwezi tena kueleza kilichoiua, na mwenye gari anaishia kununua vipuri bila kujua anatibu ugonjwa gani. Kazi ninayoichambua hapa ilikwenda kinyume. Injini ya 4D33 ilishushwa kwenye ua wa mwenye gari, pembezoni mwa Dar es Salaam, na fundi alitoa sharti moja tangu asubuhi: hakuna kitu kitakachoingia kwenye karai kabla hakijaangaliwa.

4D33 ni injini ya silinda 4, ujazo wa sentimita za ujazo 4,214, kipenyo cha silinda milimita 108 na mwendo wa pistoni milimita 115. Wengi waliizoea kwenye Canter za kizazi kilichoanza 1993, zile zinazobeba tofali wiki hii na magunia ya mkaa wiki ijayo. Haina ujanja mwingi wa umeme. Pampu ya dizeli inazungushwa kwa gia, na vali zinasukumwa na pushirodi kutoka kwenye kamshafti iliyo ndani ya bloku. Ndiyo maana mtu anathubutu kuifungua nyumbani.

Dalili zilikuwa wazi. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, moshi unatoka kwa mapigo. Mafundi wanasema injini inapumua. Ekzosi ilitoa moshi wa bluu, oili ilipungua, mlimani gari lilichoka. Kila kijiwe kilitoa jibu lilelile: ringi zimekwisha, weka nyingine, au tafuta injini ya used kutoka Japani. Jibu halikuwa la uongo. Tatizo ni kwamba ringi zilikuwa zimeshabadilishwa, na hazikudumu. Kilichotakiwa kujulikana ni nani anayezila.

Oili ilimwagwa baada ya gari kulala usiku mzima bila kuwashwa. Hilo lina sababu: maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama gasketi ya hedi inavujisha, maji yatakuwa yamekaa chini ndani ya sampu, na yatatangulia kutoka ukilegeza nati yake taratibu. Hayakutoka. Kisha filta ya oili ilikatwa kwa msumeno, karatasi yake ikakunjuliwa na kupitishiwa sumaku. Vumbi la chuma lilinasa, lakini vipande vyenye rangi ya shaba havikuonekana. Maana yake beringi za krenki huenda bado zina uhai, na kilichokuwa kinalika ni chuma cha ringi na kuta za silinda. Yote hayo yalijulikana kabla spana haijagusa boliti hata moja ya hedi.

Kuitoa injini yenyewe ni kazi ya utaratibu zaidi kuliko misuli. Kabini ya Canter inalazwa mbele, injini inabaki wazi. Waya wa hasi wa betri unatoka kwanza. Rejeta, mipira ya maji, waya za stata na alteneta, nyaya za mafuta: kila kimoja kilipigwa picha kwa simu na kufungwa kitambaa chenye namba. Mipira na mabomba ya dizeli yalizibwa ncha papo hapo. Plunja na silinda yake ndani ya pampu vinapishana kwa nafasi ndogo sana, na mchanga wa uani ni mkubwa mno kwa nafasi hiyo. Flanji za propela shafti ziliwekwa alama ili zirudi zilivyokuwa. Giaboksi ilishikiliwa na jeki mpaka ilipochomoka moja kwa moja. Ukiiacha ining'inie kwenye shafti yake, unapinda diski ya klachi, na klachi itakusumbua gari zima likiwa limeshafungwa.

Kuhusu mwembe. Ulikuwepo uani, una tawi nene, na majirani walishauri winchi ya mnyororo ifungwe hapo. Fundi alikataa. Injini hii ina zaidi ya kilo 300, na hakuna anayejua tawi limeoza kiasi gani ndani. Yakaunganishwa mabomba matatu ya chuma kileleni, miguu ikafungwa kwa mnyororo chini isitanuke, winchi ya tani moja ikaning'inizwa. Injini ilipoachia mauntingi, gari ndilo lililosukumwa, injini ikabaki palepale hewani na kushushwa juu ya magogo. Hakuna mtu aliyepita chini yake. Nimeona gereji zenye leseni zikifanya kwa uzembe zaidi kuliko hapo.

Ua wa nyumbani una adui wake, na ni vumbi. Ardhi ilimwagiwa maji, turubai likatandikwa, na kila kilichofunguliwa kilifunikwa shuka. Trei za mayai zilibeba tapeti na vali kwa mpangilio wa silinda. Pushirodi zilichomekwa kwenye boksi lililotobolewa na kuandikwa namba. Si umaridadi. Tapeti na mahali pake vimeshachakaa pamoja, ukivichanganya vinaanza kusagana upya.

Boliti za hedi zilifunguliwa injini ikiwa baridi, kuanzia pembeni kuelekea katikati, kwa awamu. Anayeanza katikati anaipa hedi nafasi ya kupinda. Kisha hedi ikainuliwa, na hapa ndipo karai lilipolazimika kusubiri kweli.

Vichwa vya pistoni vinne vilikuwa na masizi meusi yenye unyevu wa oili ukingoni. Kama maji yangekuwa yanaingia, silinda yenye uvujaji ingeonekana safi kuliko wenzake, maana mvuke unasafisha masizi. Kama nozeli moja ingekuwa inadondosha dizeli badala ya kuipulizia, pistoni yake ingekuwa na doa lililoungua au kuliwa. Hakuna lililojitenga. Silinda zote nne zilikuwa zinaumwa ugonjwa mmoja, na ugonjwa wa wote hauletwi na nozeli moja. Unaletwa na kitu wanachogawana: oili, maji au hewa.

Juu ya kila silinda palikuwa na ukingo unaokwaruza ukucha, mahali ringi ya juu inapogeuzia safari. Ulisagwa kwanza. Ukiisukuma pistoni bila kuuondoa, ringi inagonga na kuvunja nafasi yake kwenye pistoni, halafu utalaumu pistoni. Kuta za slivu zilikuwa zimepoteza ile mistari ya kukingamana inayoshika oili, na badala yake zilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia na mikwaruzo ya wima. Ringi zilipotolewa, zilikuwa nyembamba kote, ya juu ikiwa imeliwa zaidi. Injini iliyozeeka kwa kazi halali huwa na ukuta unaong'aa. Ukijivu ule ni alama ya kusuguliwa na vumbi.

Dogo wa fundi alishaanza kubeba manifodi ya hewa kuelekea kwenye karai. "Dogo, tulia kwanza," fundi alimwambia, akachukua kitambaa cheupe na kukipitisha ndani. Kikatoka na udongo mwekundu. Udongo baada ya eya klina ni ushahidi usio na utetezi. Wakarudi kwenye mpira wa hewa unaotoka kwenye eya klina. Kwa juu ulikuwa mzima. Ulipokunjwa kwa mkono, mkunjo wa chini ulifunguka mpasuko, upande ambao hauonekani gari likiwa limefungwa, na kuzunguka mpasuko vumbi lilikuwa limechora njia ya kuingilia. Mwenye gari alikuwa anabadilisha filta kila mara na kujisifu kwa hilo. Filta ilikuwa inafanya kazi yake. Hewa ilikuwa na njia ya mkato.

Manifodi ile ingepita kwenye karai dakika chache mapema, injini ingefungwa na ringi mpya, slivu mpya, na mpira uleule.

Chini hapakuwa na mshangao mkubwa, ingawa hapo ndipo haraka inapogharimu zaidi. Kofia za konrodi na za mein beringi zimechongwa zikiwa zimefungwa mahali pake, kwa hiyo kila moja ina nyumba moja tu duniani na upande mmoja tu. Namba zilisafishwa kwa kitambaa na kuhakikiwa kabla ya kufungua. Mahali ambapo hazikusomeka, ziligongwa mpya. Boliti za konrodi zilivishwa vipande vya mpira ili nyuzi zake zisikwaruze krenki pistoni zikisukumwa juu kwa mpini wa nyundo. Beringi za konrodi zilikuwa na chembe zilizojizika kwenye tabaka laini la juu, lakini shaba ya chini haikuwa imejitokeza. Krenki ilipimwa kwa maikromita, kila mahali mara mbili kwa pembe mraba, kwa sababu krenki hailiki mviringo. Ilibaki ndani ya kipimo cha kitabu. Haitasagwa, inahitaji beringi mpya za saizi ya kawaida tu. Kijiweni walikuwa wameshaihukumu kwenda mashine kusagwa milimita 0.25.

Zilipofika gia za timingi, fundi aliweka silinda ya kwanza juu kabla ya kuchomoa pampu, na akachora alama zake mwenyewe kwa rangi. Alama za kiwandani zipo, lakini kukiwa na gia ya kati, hazikutani kila mzunguko. Ukizungusha krenki baadaye ukaona hazipatani, si lazima kuwa umekosea meno.

Hapo ndipo uwezo wa nyumbani ulipoishia. Pampu na nozeli zilikwenda kwa fundi pampu zikiwa zimezibwa, bila kufunguliwa, kwa kuwa haziwezi kupimwa bila mashine ya kupimia. Hedi ilikwenda kukaguliwa unyoofu na kusagwa vali. Bloku ilipakiwa mwisho. Slivu za injini hii ni kavu, hazigusi maji, na zinabanwa ndani ya bloku kwa presi. Kazi hiyo haina mbadala wa nyundo. Pamoja na bloku zilipelekwa pistoni mpya zikiwa kwenye maboksi yake, kwa sababu fundi mchongaji hupima pistoni kwanza, kisha huchonga slivu iifuate. Mpira wa hewa na klipu zake vilinunuliwa siku hiyohiyo, na karai likaruhusiwa.