Makali Yaliyopangwa Kabla ya Pigo

Olorgesailie, kilomita 70 hivi kusini magharibi mwa Nairobi kwenye barabara ya Magadi, mgeni hupitishwa juu ya ujia wa mbao. Chini yake mashoka ya mawe yamelala kwa mamia, mahali pale pale Louis na Mary Leakey walipoyakuta mwaka 1942. Macho ya wengi hukimbilia yale yenye ncha, yaliyochongwa pande zote mbili mpaka yakapata umbo la tone la maji. Hayo ndiyo yanayochapishwa vitabuni. Lakini katikati yake yamo mengine yasiyo na ncha: mwisho wake ni mpana, umenyooka, na hauna alama hata moja ya kuchongwa. Nitayaita mashoka mapana. Anayetaka kujua kazi hii ilifanywaje aanzie kwa hayo, kwa sababu makali yake hayakunolewa. Yalikuwepo kabla shoka lenyewe halijatoka kwenye mwamba.

Jiwe la volkano lenye chembe ndogondogo halipasuki ovyo likigongwa panapostahili. Piga karibu na ukingo, pale ambapo uso unaougonga na uso wa ubavuni vinakutana kwa pembe iliyo chini ya digrii 90, na kibanzi chembamba kitabanduka kikiwa na ukingo mkali wa kukata ngozi. Pembe ikizidi hapo, jiwe linagoma. Linatoa unga tu, au ufa unaishia njiani na kuacha kingazi kitakachokusumbua katika kila pigo linalofuata. Kila kibanzi huondoka na nundu ndogo chini ya mahali kilipogongwa, na jiwe mama hubaki na kovu. Makovu hupandana, la baadaye likikata la mwanzo, kwa hiyo anayejua kuyasoma anaweza kupanga mapigo moja baada ya jingine, hata kama mpigaji alikufa miaka milioni moja iliyopita.

Ujuzi wa kuvunja mawe ni wa kale sana. Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, Sonia Harmand na wenzake walikuta mawe yaliyovunjwa kwa makusudi miaka milioni 3.3 iliyopita, mengine yakiwa na uzito wa kilo nyingi, na wakayatangaza mwaka 2015. Ufundi wa huko ulikuwa wa kuligongesha jiwe juu ya jiwe jingine lililolala chini. Tukifika miaka milioni 2.6 iliyopita, kule Gona nchini Ethiopia, mkono mmoja umeshika jiwe mama, mwingine umeshika nyundo, na pembe inatafutwa kwa jicho. Kwa muda mrefu watafiti walihesabu jiwe mama kuwa ndiyo zana na vibanzi kuwa taka. Nicholas Toth, aliyejifunza kuchonga mwenyewe na kulinganisha kazi yake na mawe ya Koobi Fora, aliigeuza hesabu hiyo katika miaka ya 1980: kibanzi ndicho kilichokuwa kisu, na jiwe mama mara nyingi ndilo lililokuwa mabaki.

Toth huyo alishiriki pia, kuanzia mwaka 1990, kumfundisha Kanzi, bonobo aliyelelewa Marekani, kutoa vibanzi ili akate kamba ya sanduku lenye chakula. Kanzi alipochoka na kugonga, alilitupa jiwe kwenye sakafu ngumu likavunjika, akachagua kipande chenye makali. Akili hiyo huwezi kuidharau. Ila pembe hakuimudu kamwe kama walivyoimudu wa Gona, na ukiweka mabaki yake karibu na yao, tofauti inaonekana bila kuhitaji darubini.

Sasa turudi kwenye mashoka. Miongoni mwa ya zamani kabisa yanayojulikana ni yale ya Kokiselei, huko huko magharibi mwa Turkana, yenye miaka milioni 1.76. Yanahusishwa na Homo erectus. Tatizo lililomkabili fundi wa mashoka lilikuwa la ukubwa. Jiwe linalotosha kiganjani hutoa vibanzi vinavyotosha vidoleni. Shoka la sentimita 20 linadai ama upate jiwe la mto lenye umbo linalokaribia shoka tayari, ama ubandue banzi kubwa kutoka kwenye mwamba. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki walifuata njia ya pili, na hapo mambo yote yanabadilika. Jiwe dogo unalizungusha mkononi mpaka pembe nzuri ije mbele yako. Mwamba hauzunguki. Inabidi wewe uuzunguke, nyundo yako iwe nzito, pigo litoke mabegani, na ukikosea umeharibu uso mzima uliokuwa ukiutegemea. Kile ambacho kifundo cha mkono kilikuwa kikikirekebisha papo hapo, sasa lazima kitengenezwe kabla.

Shoka pana linaonyesha matengenezo hayo kuliko zana nyingine yoyote ya wakati wake. Fundi anaanza kwa kubandua kibanzi kimoja kutoka usoni mwa mwamba. Kibanzi chenyewe hakihitaji. Anachotaka ni kovu lake, laini na bapa. Kisha anahamia ubavuni na kupiga pigo zito, ambalo linang'oa banzi kubwa likiwa limebeba sehemu ya kovu lile mgongoni. Pale kovu la kwanza linapokutana na uso mpya wa chini, nyuso mbili laini zinaungana kwa pembe kali, na mstari wa muungano huo ndiyo makali. Kinachobaki ni kuchonga mbavu ili lishikike, na kupunguza nundu iliyovimba upande uliogongwa. Makali hayaguswi. Kuyagusa ni kuyaharibu, maana kila kibanzi unachotoa hapo kinaifanya pembe kuwa butu zaidi na mstari kuwa wa mawimbi.

Maana yake ni kwamba pigo la kwanza halifai kitu bila la pili. Kovu likikaa sentimita chache kando, banzi litatoka kubwa na zuri lakini halitakuwa na makali, wala hakuna njia ya kuyaongeza baadaye. Sioni namna ya kufanya kazi hii kwa kubahatisha na kurudia vile vile mamia ya mara.

Kuna ujanja mwingine unaobeba jina la mahali pa Kenya. Mwaka 1938 W. E. Owen, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa na jicho la akiolojia, aliandika kuhusu mawe ya Kombewa, magharibi mwa nchi. Fundi anang'oa banzi kubwa, analigeuza, kisha anabandua banzi la pili kutoka kwenye ile nundu ya la kwanza. Uso uliovimba unagawanyika, na zana inatoka ikiwa imebinuka pande zote mbili, na karibu mzingo wake wote una makali. Ile nundu, ambayo kwa wengine ni kero ya kuondolewa, hapa imegeuzwa kuwa mali ghafi.

Mara nyingi shoka lisilopendeza husomwa kama kazi ya mtu asiyejua. Peter Jones, aliyefanya majaribio Olduvai wakati Mary Leakey akiongoza uchimbaji, alionyesha katika makala ya mwaka 1979 kwamba jiwe lenyewe lina sauti kubwa katika jambo hili. Mawe mengine yanakubali kuchongwa tena na tena. Mengine yana makali mazuri siku ya kwanza tu, na fundi mwenye busara anayaacha hivyo hivyo, vibanzi vichache yakatosha. Shoka lenye makovu machache, basi, linaweza kuwa kazi ya bingwa aliyelijua jiwe lake. Naona somo hilo bado halijaingia vya kutosha katika maonyesho ya makumbusho, ambako zana hupangwa kutoka mbaya hadi nzuri kana kwamba umri ndio uliozinyoosha.

Dietrich Stout na wenzake wamepima utendaji wa ubongo wa wachongaji wa leo, wakakuta kwamba kuchonga mashoka kunaamsha zaidi sehemu zinazohusika na kupanga hatua kuliko kutoa vibanzi vya kawaida. Utafiti ni mzuri, ila ubongo uliopimwa ni wa mtu wa leo. Kovu lililo juu ya shoka ni la fundi mwenyewe, na mimi naliamini zaidi. Kazi ya Stout inayonivutia kuliko hiyo ni ile aliyoifanya Langda, katika nyanda za juu za Papua upande wa Indonesia, ambako wachongaji walikuwa bado wakipasua miamba ya mtoni ili kutengeneza tezo za mawe. Huko mwanagenzi alikaa miaka mitano na zaidi chini ya mafundi, na mapigo ya kwanza kwenye mwamba yaliachiwa wakubwa.

Olorgesailie tabaka zenye mashoka zinaanzia miaka milioni 1.2 iliyopita na kukoma karibu miaka 500,000 iliyopita. Juu yake pana pengo: mmomonyoko ulichukua udongo wa miaka 180,000 hivi. Tabaka zinaporudi, miaka 320,000 iliyopita, mashoka hayapo. Badala yake kuna vibanzi vidogo na ncha, vilivyotolewa kwenye mawe yaliyoandaliwa kwanza, na baadhi ni vya obsidiani, kioo cha volkano, kilichobebwa kutoka kilomita 25 hadi 95. Wenye mashoka walikuwa wakitumia mawe ya jirani. Wengi huyaita mabadiliko haya mapinduzi. Kwa upande wa uchongaji sioni mapinduzi makubwa. Kuandaa uso wa jiwe ili kibanzi kitoke kikiwa tayari ni ufundi wa shoka pana, uliohamishwa kutoka kwenye mwamba hadi kwenye jiwe la kiganjani. Kipya ni umbali, na ncha ndogo inayoweza kufungwa kwenye mti.

Isimila, karibu na Iringa, inavuruga mpangilio huo. F. Clark Howell na Maxine Kleindienst walichimba huko mwishoni mwa miaka ya 1950 na kukuta mashoka ya aina zote mbili, mengine yakipita sentimita 30. Umri uliotangazwa mwaka 1972, kwa kupima urani iliyomo kwenye mifupa, ni miaka 260,000 hivi. Ukiukubali, mafundi wa Iringa walikuwa bado wakipasua miamba angalau miaka 60,000 baada ya mashoka kutoweka Olorgesailie. Lakini mfupa uliozikwa hunyonya urani na kuipoteza kadiri maji yanavyopita udongoni, na mimi nisingejenga hoja juu ya kipimo hicho peke yake.