Mbalamwezi ni Msimu wa Nyundo

Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hana kazi na mbalamwezi. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukishawaka juu, taa yake inamulika bure. Kwa hiyo mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mitumbwi huvutwa mchangani kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, na kwa siku kadhaa mialo hugeuka karakana. Mpita njia huona vijana wamekaa tu kando ya vyombo. Asogee karibu.

Mtumbwi wa mbao wa ziwa hili, ule wenye mkuku chini na mataruma ndani, ndiyo nyumba ya wavuvi usiku kucha, na nyumba hiyo huanza kuchakaa kwenye maungio. Mbao nzuri za mvule hudumu miaka. Kinachochoka ni ule mstari mwembamba ubao mmoja unapokutana na mwenzake. Usiku mawimbi huupinda, mchana jua huukausha, na kila ubao huvimba na kusinyaa kivyake. Pamba ndiyo inayoziba nafasi hiyo, na Usukumani pamba si kitu cha kutafutwa mbali.

Juu ya pamba hupigiliwa ukanda wa bati, ili pamba isichomoke na mchanga usiitafune chombo kinapoburutwa. Bati hilo ni mlinzi, lakini pia ni mficha siri: ubao waweza kuoza chini yake bila mwenye chombo kujua. Ndiyo maana fundi mzuri hakimbilii kung'oa. Hugonga kwanza kwa mpini wa nyundo, kidogo kidogo, kichwa kimeinama. Ubao mzima hulia sauti kavu. Ulioanza kuoza hujibu kwa sauti nzito iliyofifia, kama ya mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Akiisikia hurudi nyuma shubiri moja, hugonga tena, kisha huweka alama ya mkaa. Mimi ningeweza kumtazama kwa kazi hiyo peke yake mpaka jua lizame.

Kisha husokota pamba mapajani mpaka iwe kamba nyembamba, na kuishindilia kwa patasi butu. Patasi kali haifai, itakata nyuzi. Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, maana anayejifunza hudhani kuziba vizuri ni kujaza sana. Sivyo. Mtumbwi unapozibwa huwa mkavu. Ukirudi ziwani mbao zitakunywa maji zivimbe, na zikikuta pamba imebanwa kupita kiasi, misumari ndiyo itakayolipa. Fundi huacha nafasi ndogo ambayo maji yenyewe yataimalizia. Nafasi kiasi gani? Hutegemea ubao, ukavu wake na umri wa chombo, na mkono wake unajua kabla hajafikiri.

Ndiyo maana mtumbwi uliotoka matengenezoni huvuja kidogo saa za kwanza. Mwenye chombo asiyezoea huanza kupiga kelele. Wazoefu huenda kunywa chai.

Ufundi wa zamani haukuwazuia watu hawa kupokea mambo mapya. Kwa miaka mingi taa ya dagaa ilikuwa karabai: kuipiga pampu, kuichunga isizimwe na upepo, na kuomba Mungu tone la maji baridi lisirukie glasi ya moto ikapasuka. Mafuta ya taa yalimeza sehemu kubwa ya mapato. Siku hizi taa za LED zimeenea, betri zikichajiwa kwa sola mchana. Teknolojia ililetwa na wafanyabiashara, lakini kuifanya iishi ziwani ni kazi ya wavuvi wenyewe. Taa huelea juu ya maboya mbali na mtumbwi, kwa hiyo betri lazima ikae pakavu na palipotulia, isipinduke. Angalia waya unavyoingia kwenye chombo cha betri: huingilia chini ya ukingo wa kifuniko, ukiwa umepindwa kwanza kuelekea chini, ili tone linalotiririka juu ya waya lidondoke pale kwenye mpindo badala ya kuingia ndani. Kitu kidogo kama hicho kingestahili ukurasa mzima kwenye kitabu cha ufundi.

Injini ya mtumbwi nayo ina adabu yake. Kuna kijito chembamba cha maji kinachotoka ubavuni mwake inapofanya kazi. Nahodha hukitupia jicho kila mara, kwa sababu magugu maji yakiziba njia ya maji ya kupoza, kijito hukatika, na injini isiyozimwa mara moja huungua.

Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia alikabidhi boti za kisasa kwa mkopo, na bila shaka boti za faiba zitazidi kuonekana kwenye mialo yetu. Ni vyombo vyepesi visivyooza. Lakini mbao zitabaki kwa muda mrefu bado, kwa kuwa mbao hutengenezeka popote penye nyundo, pamba na mtu mwenye subira.

Basi ukienda kununua mtumbwi uliokwisha kutumika, usidanganywe na rangi mpya. Omba bati lifunguliwe mahali pamoja, karibu na mkuku, uone pamba na ubao uliofichwa. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.