Kuingia si Kushiriki: Uhakiki wa Dhana ya Ujumuishi katika Elimu ya Juu ya Tanzania

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna dhana ya ujumuishi inavyotumika katika mijadala ya elimu ya juu nchini Tanzania. Hoja yake ni moja: mijadala hiyo hupima ujumuishi mlangoni, kwa idadi ya waliodahiliwa, na huacha kuupima darasani, ambako lugha huamua nani atasema na nani atanyamaza.

2.0 Mlango Uliopanuliwa

Mafanikio ya udahili hayafai kubezwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewafikia watu wazima wasioweza kuacha kazi na familia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewawezesha vijana wengi wa kaya maskini kusoma. Ada ya shule za sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022.

Hata hivyo, hatua hizi zote zinashughulikia vikwazo vilivyo nje ya ukumbi wa mihadhara: umaskini, umbali, uyatima, ulemavu. Mwanafunzi akishaketi ndani, takwimu humhesabu kuwa amekwisha kujumuishwa.

3.0 Kimya cha Darasani

Mwanafunzi aliyepitia shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari akatakiwa kujifunza kila somo kwa Kiingereza. Chuo kikuu humpokea akiwa na pengo hilo. Nje ya semina hujadili mada na wenzake kwa Kiswahili, tena kwa kina. Ndani ya semina, mhadhiri akiuliza, huinamia daftari. Kimya hicho hufasiriwa haraka kuwa uvivu au uwezo mdogo. Tiba iliyozoeleka ni kozi ya stadi za mawasiliano kwa Kiingereza. Kozi hiyo ina manufaa yake, lakini humweka mwanafunzi peke yake katika nafasi ya mwenye upungufu. Taasisi haiulizwi imefanya nini ili aeleweke.

Hapa pana mkanganyiko wa kinadharia. Kwa mwanafunzi kiziwi tunakubali, na ni sawa, kwamba mkalimani wa lugha ya alama ni haki yake, kwa kuwa bila lugha hakuna elimu. Kwa mwanafunzi anayesikia tunaigeuza lugha kuwa kipimo cha akili. Kanuni moja imetumika kwa mmoja na kusahauliwa kwa mwingine.

Tatizo hili halikugunduliwa jana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na baadaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikubali Kiswahili katika ngazi zote, huku ikiahidi kuendelea kuimarisha Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Sera inayoahidi yote mawili bila kupanga ratiba huacha mambo yalivyo, na ndivyo yalivyobaki.

4.0 Hoja za Upinzani

Hoja ya kwanza ni uhaba wa istilahi. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Ni kweli kwamba isimu si udaktari wala uhandisi. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Zinazosubiri kabatini hubaki kuwa orodha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inatuhusu sisi wataalamu wa Kiswahili. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wanawake alama 1.5 katika udahili. Huko, kuweka Kiswahili mahali pa Kiingereza kungeweza kuwafungia wengi kati ya hao hao waliofunguliwa mlango, kwa kuwa si lugha wanayoijulia kufikiri. Kuenea kwa Kiswahili na ujumuishi si kitu kimoja. Kinachopaswa kupimwa ni umbali kati ya lugha ambayo mwanafunzi anaelewa na lugha ambayo anatathminiwa.

5.0 Hitimisho

Kwa Tanzania, umbali huo unaweza kupunguzwa bila kusubiri mageuzi makubwa. Kwanza, vyuo viruhusu rasmi mijadala ya semina kwa lugha mbili, jambo ambalo wahadhiri wengi hulifanya kwa kujificha. Pili, maswali ya mitihani ya mwaka wa kwanza yatolewe kwa Kiswahili na Kiingereza, na mtahiniwa achague lugha ya kujibia. Hili lina gharama ya tafsiri na usahihishaji, na gharama hiyo iingizwe katika bajeti waziwazi. Tatu, ripoti za ubora zinazodaiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania zioneshe, pamoja na idadi ya waliodahiliwa, nani wanaoacha masomo, katika mwaka gani, na walisomea shule za lugha gani. Bila takwimu hizo, tutaendelea kuwahesabu wanaoingia huku hatujui wangapi walipata nafasi ya kusema.